Mlango wa Banda la Chipsi

Walimleta juu ya mlango.
Si machela: mlango wa mbao, wa banda la chipsi sokoni Muheza,
bawaba zinaning'inia upande mmoja
na maandishi ya rangi nyekundu: MKOPO KESHO.
Semhando amelalia neno kesho,
macho darini, mikono hai,
miguu kama ya kuazima.

Alikuwa juu ya lori akipanga machungwa,
gunia la mwisho likamvuta.
Wengine walitaka kumketisha, anywe maji.
Wengine wamshike makwapa, wamtupie kwenye bajaji.
Kuli mmoja, wanamwita Kiroboto,
ambaye nduguye aliwahi kunyanyuliwa hivyo hivyo,
akapiga kelele: Mwacheni! Asikunjwe!
Akaung'oa mlango.
Mwenye banda akatukana, mlango ukatoka.

Miaka mitatu nimesomea unesi hapa Tanga.
Usiku ule nilimpa Kiroboto kiti, nikamwita mwalimu,
akadhani namtania.

Kola shingoni. Mifuko ya mchanga huku na huku ya kichwa.
Moja, mbili,
kwa tatu tukamgeuza, watu wanne,
mabega na nyonga kwa pamoja, kama gogo,
asijipinde hata kidogo.
Daktari Zahaki akashika sindano.
Hapa unasikia? Nasikia.
Hapa? Nasikia.
Hapa?
Hapa?
Semhando akauliza: Umeshaanza?

Akachora mstari kwa kalamu, vidole viwili juu ya kitovu.
Juu ya mstari, Semhando.
Chini yake tukaandika tarehe.

Presha isishuke, alisema daktari, msinilalie.
Uti uliovimba ni shamba lenye kiu,
damu isipofika, hata mche uliobaki unanyauka.
Basi nikaihesabu dripu, tone kwa tone,
nikaweka mpira wa mkojo, nikapima, nikaandika,
nikapima.

Asubuhi mjomba wake akaja na wazo:
yuko fundi wa kuunga mifupa, milimani Magoroto.
Sikumdharau. Fundi yule aliunga mkono wa mwanangu
na leo unarusha mawe.
Lakini huu si ufito, mjomba. Ndani ya mfupa huu mna uzi,
laini kama ute wa yai,
na ukiuvuta hauungi.
Akakaa kimya muda mrefu. Akaniuliza kama amenunua dawa sahihi.

Saa nne, ubavu wa kulia.
Saa sita, chali.
Saa nane, kushoto.
Saa kumi alfajiri, tena, na jogoo wa jirani hajaamka.
Kitanda kina meno: ukimwacha mtu hapo,
kinaanza na visigino.

Nesi, nitatembea?
Nilitaka kusema ndiyo. Nilitaka kusema sijui.
Nikatupa jicho koridoni, mlango umeegemea ukuta,
nami bila kufikiri nikasema: Kesho tutaona.
Akacheka, kifua tu ndicho kilichocheka.
Usinipe maneno ya muuza chipsi, nesi.
Nikamwambia sijui.
Ahsante, akasema, akalala.

Siku ya sita, sindano tena.
Hapa? Nasikia.
Hapa? Kama unyasi.
Mstari wa pili, chini ya ule wa kwanza,
upana wa kidole.
Mwantumu, mkewe, akaupima kwa kidole chake cha pete,
akaupima tena kwa kidogo,
ukazidi.
Daktari hakutabasamu. Alisema Dar wameahidi nafasi ya upasuaji,
na kwamba kidole si mguu.
Mwantumu akajibu: Najua. Lakini jana hakikuwapo.

Jumamosi mwenye banda akafika, bisibisi mkononi,
kudai mlango wake.
Usiku alikuwa akiziba banda kwa turubai, panya wamemla viazi.
Alikuja na maneno yake tayari.
Ilikuwa saa nane mchana, saa ya kugeuza,
na sisi tulikuwa watatu.
Nikamwambia: Weka hiyo bisibisi chini. Shika hapa, magotini.
Usivute.
Subiri tatu.